Barua ya wazi kwa viongozi wa Tanga: tuachieni njia ya baiskeli

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Mstahiki Meya na waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi wa Jiji, na mameneja wa wakala za barabara, TARURA na TANROADS, mkoani kwetu.

YAH: NAFASI YA BAISKELI KATIKA BARABARA ZA JIJI LA TANGA

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi baiskeli, na kibanda changu kiko Ngamiani. Nawaandikia kwa sababu mji wetu unajengwa upya huku tukiuangalia. Bandari imechimbwa, barabara zinapanuliwa, stendi kuu iko Kange, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo Chongoleani. Hakuna Mtanga mwenye nia njema anayeyakataa maendeleo. Lakini katika yote haya sijaona mahali mtu wa baiskeli alipowekwa kwenye hesabu. Ombi langu ni hili: barabara yoyote itakayojengwa au kukarabatiwa ndani ya Jiji itengewe njia ya baiskeli kwenye mchoro, kabla greda halijafika.

Mnajua Tanga ilivyo. Mgeni akitoka Dar es Salaam au Arusha, jambo la kwanza linalomshangaza hapa ni wanawake. Mama amevaa buibui lake, kapu liko mbele, mtoto kakaa nyuma kwenye keria, anakwenda zake soko la Mgandini, na hakuna anayegeuka kumtazama kwa sababu ni jambo la kila siku. Wapo wanafunzi wa sekondari, wauza samaki wanaotoka soko la samaki la Deep Sea na matenga yao, wauza maziwa na madumu, waashi wanaobeba misumeno na pimamaji, wazee wanaowahi swala ya alfajiri. Ardhi yetu ni tambarare ya pwani. Mitaa ya Ngamiani imenyooka, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, na mtu anafika anakokwenda bila kupanda kilima. Kuna miji mikubwa inayotumia fedha nyingi kuwabembeleza watu wake wapande baiskeli. Sisi watu wanapanda tayari, walirithi kwa baba na mama zao, na serikali haijatoa hata senti kuwashawishi.

Naomba niingie kwenye hesabu ya nishati, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja kwa uzito, lakini ikiungua inatoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Dizeli inatoa kama kilo 2.7. Vijana kibandani huniuliza inawezekanaje kitu chepesi kutoa kitu kizito. Sababu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta, inapoungua, inaungana na oksijeni iliyoko hewani, na sehemu kubwa ya uzito wa hewa ya ukaa ni hiyo oksijeni. Sasa chukua bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita. Safari ya kilomita tano inaacha hewani gramu karibu 290 za hewa ya ukaa. Umbali huohuo mtu wa baiskeli anaumaliza kwa nguvu ya chakula alichokula asubuhi.

Tena si moshi tu. Injini ya petroli inapoteza kama robo tatu ya nishati ya mafuta kwa joto. Yeyote aliyewahi kuunguzwa mguu na ekzosi ya pikipiki anaijua nishati hiyo: ni fedha yake, ameinunua kituoni, na imekwenda kupasha hewa joto badala ya kumfikisha safari.

Na fedha hiyo inatoka nje ya nchi. Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta kinachofanya kazi; petroli na dizeli yote tunayotumia inaletwa na meli ikiwa tayari imesafishwa, na inalipiwa kwa dola. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, inatangaza bei kikomo ya mafuta, na Tanga nzima inasikiliza: dereva wa bajaji, mwenye mashine ya kusaga, mvuvi mwenye injini. Vita ikizuka mbali huko, nauli ya Makorora inapanda. Wapo wanaodhani kwamba bomba la Chongoleani litatupunguzia. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, kati yake kilomita 1,147 ziko upande wetu, na mafuta yatakayopita humo ni ghafi, mazito kiasi kwamba lazima yapashwe moto njia nzima ili yasigande. Yatapakiwa melini kwenda kuuzwa. Tutapata ushuru na ajira, na ni jambo la kushukuru, lakini bei ya lita pale kituoni haitategemea bomba hilo.

Mwenye baiskeli hasikilizi tangazo la Jumatano. Hili ningependa kila diwani alifikirie kwa utulivu anapotazama kipato cha wapiga kura wake.

Huko duniani usafiri unachangia karibu robo ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati, na sehemu kubwa kabisa ya robo hiyo inatoka barabarani. Nchi tajiri zimeanza kugeuka. Mwaka 2020 gari moja tu kati ya magari mapya 25 yaliyouzwa duniani lilikuwa la umeme. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya moja kati ya matano. Ethiopia, nchi ya ukanda wetu isiyo tajiri, mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Wenye magari ya zamani katika nchi tajiri wanayapeleka wapi? Umoja wa Mataifa ulihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliyouzwa nje kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yaliletwa Afrika. Wao wanapoiacha petroli, sisi tunaipokea. Na mtu wa Tanga anaacha baiskeli yake safi ili apokee gari au pikipiki ambayo ulimwengu unaanza kuiona imepitwa na wakati. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nieleze sasa ninachokiona kazini, kwa sababu mengine mnaweza kuyasoma kwenye taarifa, lakini haya hayaandikwi.

Watu hawaachi baiskeli kwa kuwa wamezichoka. Wanaacha kwa hofu. Mzazi anakuja kibandani na baiskeli ya mtoto nzima kabisa, anauliza kama nina mteja. Nikimuuliza kulikoni, jibu ni lilelile: barabara imekuwa mbaya, bora ampe nauli ya daladala. Na kwa maneno "barabara imekuwa mbaya" hamaanishi mashimo. Anamaanisha imekuwa nzuri, pana na ya kasi, na mtoto wake hana pa kupita. Barabara moja karibu na kwetu ilipokuwa ya vumbi, tulipita wote: mkokoteni, baiskeli, gari, kila mtu akimwangalia mwenzake. Ilipowekwa lami, ukingo wake ukaachwa juu kama shubiri nzima kutoka ardhini. Lori likipiga honi nyuma yako unalazimika kushuka pale ukingoni, gurudumu la mbele linaingia mchangani, unaanguka. Baiskeli zinazoletwa kwangu kutoka barabara ile nazijua kabla mwenyewe hajasema neno: foku imerudi nyuma, rimu ya mbele imepinda. Foku nainyoosha. Mwaka jana mwenye baiskeli mmoja hakuja yeye kuichukua. Alikuja ndugu yake.

Kuna mifuniko ya mitaro. Mahali pengine vyuma vyake vimelazwa kufuata mwendo wa barabara, kwa hiyo gurudumu jembamba linazama katikati ya chuma na chuma. Vyuma hivyohivyo vikilazwa kukata barabara, gurudumu linapita juu salama. Gharama ni ileile, chuma ni kilekile. Ni suala la mtu aliyesimama pale kumwambia fundi wa kuchomelea ageuze.

Kuna matuta. Tunayahitaji, yanaokoa maisha ya watoto mbele ya shule. Lakini tuta likijengwa kutoka ukingo hadi ukingo, mama mwenye mtoto nyuma na ndoo kwenye usukani hana pa kupenya. Mkiacha uwazi wa nusu mita pembeni, baiskeli inapita na gari bado linapunguza mwendo.

Kuna mzunguko, mahali ambapo njia zinakutana na kila mmoja anaingia kwa ubavu. Hapo ndipo wazee wanaposhuka na kukokota baiskeli kwa miguu, na sijui mhandisi gani amewahi kukaa hapo asubuhi ya saa moja akawatazama.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hawa ndio wanaotumia mafuta kidogo kuliko wote, au hawatumii kabisa. Wanauawa na barabara zilizochorwa kwa ajili ya wengine.

Ninachoomba hakihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Upana wa mita moja na nusu mpaka mbili kila upande unatosha. Kati yake na magari kuwe na kizuizi cha zege, kwa kuwa mstari wa rangi peke yake ndani ya wiki moja unageuka maegesho ya bodaboda na meza ya muuza machungwa. Pembeni pandeni miti. Jua letu la Januari na Februari mnalijua; njia ya baiskeli isiyo na kivuli watu wataikimbia saa sita mchana. Mwarobaini unaota hapa bila kubembelezwa. Na sokoni, hospitali ya Bombo, mashuleni na maofisini, wekeni vyuma vya kufungia baiskeli. Mfanyakazi asiye na mahali pa kuifunga anahesabu wizi kwanza kabla ya kuhesabu nauli.

Anzeni na njia ambazo watu wanapita tayari: kutoka Makorora na Mikanjuni kuingia mjini, kutoka Sahare, na barabara ya Pangani. Hii ya mwisho ina haraka zaidi. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, itakapokamilika yote itaacha kuwa ya kwetu peke yetu. Mabasi na malori yatakayokwepa kuzunguka Segera yatapita humo kwa kasi, yakiingia mjini kupitia vijiji ambavyo watoto wake wanakwenda shule kwa baiskeli. Nawasihi TANROADS, kila kipande kitakachokaribia mji na kila kipande kitakachopita kijijini kiwe na bega pana la lami, lisiwe la changarawe.

Najua mtasema fedha hakuna. Njia ya baiskeli ikiwekwa pamoja na barabara ni kipande kidogo cha gharama, kwa sababu katapila lipo, kifusi kipo, mkandarasi yupo. Ikija baadaye, kuna kuhamisha nguzo za umeme, mabomba ya maji na kuta za watu, na kulipa fidia. Mji wa Beijing umelipia somo hili. Miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya safari za mji ule zilikuwa za baiskeli. Wakayafungulia magari njia, na kufikia 2010 baiskeli zilibaki chini ya robo. Moshi na foleni vikawazidi, na mwaka 2019 wakajenga barabara maalumu ya baiskeli ya kilomita 6.5, wakilipa upya kurudisha kitu walichokuwa nacho bure. Tanga bado haijafika huko. Bado tuna watu juu ya baiskeli.

Sitaki barua hii isomwe kama vita na vijana wa bodaboda na bajaji. Ni watoto wetu, wengi nawajua kwa majina, na wanalisha familia. Kwao nina ombi jingine, kwa Jiji, kwa LATRA inayodhibiti usafiri wa nchi kavu na kwa shirika la umeme, TANESCO. Umeme wa gridi yetu sasa unatoka zaidi kwenye maji. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na hapa mkoani mto Pangani umetuzalishia umeme kwa miongo mingi, Hale megawati 21 na New Pangani Falls megawati 68. Nishati iliyomo kwenye lita moja ya petroli ni sawa na uniti tisa hivi za umeme. Kwa lita hiyo bodaboda inakwenda kilomita 40. Pikipiki ya umeme inakwenda kilomita hizohizo kwa uniti moja na nusu hivi, na baiskeli yenye mota ndogo kwa nusu uniti. Mji wetu ni mdogo, bajaji inazunguka humuhumu na kurudi nyumbani jioni. Betri ya kawaida inaimudu kazi ya siku. Kinachokosekana ni mahali pa kuchajia penye mita na ulinzi karibu na vituo vya bajaji, na mikopo ambayo kijana anaweza kuirudisha. Halmashauri zinatoa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa nini sehemu yake isielekezwe huko? Pangeni pia mapema betri zilizokufa zitakusanywa wapi, zisije zikaishia kwenye mikoko.

Kuhusu mizigo nitasema machache, maana wapo wanaojua zaidi yangu. Bandari yetu ilikuwa na kina cha mita tatu gatini, meli zikipakuliwa mbali kwa matishari. Sasa kina ni mita 13 na gati la mita 450, na meli kubwa zinafunga hapohapo. Shehena imekuja, na malori yamekuja nayo. Lakini kutoka bandarini kuna reli. Ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na ndiyo reli ya kwanza katika nchi hii. Chuma kinachobingirika juu ya chuma kinahitaji nguvu ndogo mno kuliko tairi juu ya lami, kwa hiyo hata kwa kichwa cha dizeli treni moja inabeba mzigo wa malori mengi kwa mafuta machache zaidi. Dar es Salaam hadi Dodoma treni inakwenda kwa umeme tangu 2024, na reli ya kisasa kutoka Tanga kwenda Arusha hadi Musoma imo kwenye mipango ya taifa. Wakati tunaisubiri, ya zamani ibebe saruji ya Pongwe na makontena kadiri inavyoweza. Kila behewa linalojazwa linamwondolea mpanda baiskeli lori moja au mawili mgongoni.

Nina jambo moja pia kwa wanaopima viwanja na kupanga mji. Stendi ilipokuwa katikati, abiria wengi walifika nyumbani kwa miguu, au ndugu yao akaja kuwachukua kwa baiskeli. Ilipohamia Kange, safari hiyo ikawa ya bajaji. Sisemi irudi, basi kubwa katikati ya Ngamiani lilikuwa hatari. Nasema kila ofisi, soko au zahanati inayosogezwa nje ya mji inaongeza lita za petroli kwa kila anayeihitaji, mwaka hadi mwaka. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya uamuzi, na iandikwe kwenye taarifa kama gharama nyingine zinavyoandikwa. Mkihamisha kitu, hamisheni pamoja na njia ya kukifikia. Kutoka Kange hadi mjini panastahili njia ya baiskeli yenye miti, na vijana wa kukodisha baiskeli pale stendi wangepata kazi.

Waheshimiwa, naomba majibu, na ningependa yawe ya maandishi. Michoro ya barabara zote za Jiji zitakazojengwa mwaka ujao wa fedha ibandikwe kwenye ofisi za kata, tuione kabla mkataba haujasainiwa. Kikao kijacho cha Baraza la Madiwani kipitishe azimio kwamba mchoro usio na njia ya baiskeli unarudishwa kwa mhandisi. Mhandisi wa Jiji atenge asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, akae nasi barabarani ahesabu baiskeli, pikipiki na magari kwa macho yake. Mimi na mafundi wenzangu wa Ngamiani tuko tayari kumsaidia kuhesabu, na tutamwonyesha mifuniko ya mitaro inayotakiwa kugeuzwa, mmoja baada ya mwingine.

Wenu katika ujenzi wa Tanga,

Fundi baiskeli, Ngamiani